Stelingi Hafi? Rufiji na Maswali ya Ushujaa

Katika vibanda umiza vya Kibiti, Bungu na Ikwiriri, kama ilivyo katika vibanda vya nchi nzima, kuna kanuni ambayo mtoto anaijua kabla hajajua kusoma: stelingi hafi. Maadui watakufa kwa mafungu, rafiki yake stelingi atakufa ili yeye apandwe na hasira, daraja litalipuka akiwa juu yake, na bado atatoka kwenye moshi akipepesuka, shavu limechubuka kidogo. Kanuni hiyo ilitawala enzi za Rambo, wakati kanda zenye sauti ya Kiswahili ya mtafsiri Lufufu zilipozunguka kutoka Dar es Salaam hadi vijijini. Leo inatawala kwa Spider-Man, Black Panther na wenzao, ambao kwao hata sababu imetolewa: hawafi kwa kuwa miili yao si kama yetu.

Kanuni hii inastahili kupimwa Rufiji kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Hapa, zaidi ya miaka 30 kabla Superman hajachorwa, watu waliahidiwa mwili usiopenywa na risasi. Haikuwa burudani. Waliahidiwa, wakaamini, wakatoka kwenda kuijaribu ahadi hiyo mbele ya bunduki za rashasha. Yaliyowapata, na namna vizazi vilivyofuata vilivyoyakumbuka, yanasema juu ya ushujaa mambo ambayo sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu hazijawahi kuyagusa.

Tumtazame kwanza shujaa wa katuni mwenyewe. Superman alitokea Marekani mwaka 1938, kazi ya vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, wote kutoka familia za Wayahudi wahamiaji. Uchumi ulikuwa umeporomoka, na katika hadithi zake za mwanzo Superman hakupigana na viumbe wa sayari nyingine. Alimkabili mume anayempiga mkewe, mwanasiasa mla rushwa, na mwenye mgodi asiyejali uhai wa wachimbaji. Spider-Man wa 1962 ni kijana anayehangaishwa na kodi ya nyumba na kulemewa na hatia ya kifo cha mjomba wake. Black Panther, aliyebuniwa 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, ni mfalme wa nchi ya Kiafrika ambayo mkoloni hakuwahi kutia mguu. Filamu yake ilipotoka Februari 2018, Wamarekani weusi wengi walikwenda kuitazama wakiwa wamevaa mavazi ya Kiafrika. Jamii humvika shujaa wake kile inachokikosa: maskini alikosa haki, kijana wa mjini alikosa nguvu, na watu waliochukuliwa utumwani walikosa nchi isiyotekwa.

Lakini angalia nguvu hizo ziko kwa nani. Katika filamu ya Black Panther, kuna mmea unaompa mtu nguvu, na anayekunywa maji yake ni mfalme peke yake. Killmonger, hasimu wake, anapotwaa kiti, jambo la kwanza analoamuru ni mimea iliyobaki ichomwe moto ili asitokee mwingine. Filamu inamwona Killmonger kuwa mkatili kwa hilo, na ni mkatili kweli. Hata hivyo, hakuna hata mtu mmoja wa Wakanda, nchi ya mfalme huyo, mwema au mwovu, anayeuliza kwa nini dawa hiyo haikugawiwa kwa wote tangu mwanzo.

Pwani yetu nayo ina shujaa wa aina hiyo, mwenye mwili usiopenywa. Fumo Liyongo wa upande wa Pate na mto Tana, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa, aliyerubuniwa na wakubwa wa mji. Liyongo akafa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai. Kwa hiyo Mswahili wa zamani hakuwa na kanuni ya stelingi hafi. Kwake stelingi anakufa, anauawa na mtu wake wa ndani, na mji uliomkana ndio unaobaki na kiu. Hata hivyo Liyongo, kama T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, ni mtu wa nasaba, na nguvu zake zinaishia kwake.

Ngarambe ni habari tofauti kabisa.

Mwaka 1904, huko Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji, mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo. Masimulizi ambayo Gilbert Gwassa aliyakusanya miaka ya 1960, wakati baadhi ya wazee walioiona vita walikuwa bado hai, yanaeleza kwamba alitambaa kwa tumbo hadi kwenye kidimbwi, akazama humo ndugu zake wakimtazama. Walimtafuta wasimpate. Siku ya pili akaibuka, nguo zake kavu, akaanza kusema mambo ya unabii. Hadi hapo ni kisa cha kuzaliwa kwa shujaa yeyote wa katuni: mtu wa kawaida, tukio lisiloelezeka, nguvu mpya.

Tofauti inaanza anapoifanyia nguvu hiyo kazi. Aliigawa. Maji, mafuta ya mbarika na mbegu za mtama: dawa ya kuzuia risasi, isiyo na kitu adimu ndani yake. Habari zilienda kwa kunong'onezana, njia ambayo wenyewe waliiita njwiywila, na watu wakafurika Ngarambe kutoka Umatumbi, Kichi na bonde la Rufiji. Baadaye wajumbe waliobeba jina la Hongo walivuka na maji hayo hadi Ungindo, Mahenge na Ungoni. Hukuhitaji kuwa mwana wa jumbe wala wa mfalme. Mkulima wa pamba aliyechapwa viboko na akida wa Wajerumani alikunywa maji yale yale aliyokunywa mkubwa wa ukoo. Watu ambao jana walikuwa wakiibiana mifugo walitakiwa kuamini kwamba miili yao sasa ni ya aina moja. Katika historia ya mashujaa duniani sijui mfano mwingine ulio wazi namna hii wa nguvu ya ajabu iliyotolewa kwa umma mzima.

Tena haikuja bure. Ilikuwa na miiko: mpiganaji asilale na mwanamke wakati wa vita, asipore mali. Udhaifu wa Superman ni jiwe linalotoka nje yake. Wa Liyongo ni sehemu ya mwili wake. Udhaifu wa mpiganaji wa Maji Maji, vita dhidi ya Wajerumani iliyobeba jina la dawa hiyo, ulikuwa mwenendo wake mwenyewe, na kwa kuwa dawa ilikuwa ya wote, kosa la mmoja liliweza kuhesabiwa kuwa hatari ya wote. Humo mna wazo zito la maadili ambalo naona halijathaminiwa ipasavyo. Nguvu ni amana, na anayeilinda ni kila mmoja aliyeionja.

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba ya shamba la serikali. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Muhoro. Stelingi alikufa vita ikiwa na siku chache tu. Kwa hesabu ya sinema, hadithi ingekwisha pale. Badala yake vita ikaenea karibu miaka miwili, katika eneo kubwa la kusini mwa Tanganyika, kwa sababu haikuwa imewekwa ndani ya mwili wa mtu mmoja. Tarehe 30 Agosti maelfu walilishambulia boma la Mahenge mbele ya rashasha, na maji hayakuwa kinga. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, kwa kuwa majeshi ya Gavana Götzen yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Upande wa pili Wazungu waliouawa walikuwa 15.

Basi watu wanafanya nini na nguvu ya ajabu iliyoshindwa? Wapo waliosema miiko ilivunjwa. Wapo waliosema walidanganywa. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile iliyochapishwa 1969, alitoa jibu ambalo hadi leo halijapitwa. Kinjeketile wake anajua maji hayazuii risasi, anajua watu wanakufa, na anapotakiwa na wanaomtesa akiri hadharani kwamba ulikuwa uongo, anakataa, kwa sababu imani iliyozaliwa na maji hayo imekwisha kuwa kubwa kuliko yeye na itawafaa watoto wa watoto wao. Ni jibu la kishujaa, na nilipolisoma mara ya kwanza lilinitetemesha. Lakini bado linanisumbua. Shujaa anayenyamaza kwa ajili ya kizazi kijacho ananyamaza pia mbele ya aliye hai leo, ambaye kesho atasimama mbele ya rashasha. Hussein hakulificha swali hilo. Ameliacha wazi katikati ya jukwaa. Wanaolisahau ni sisi tunaoifundisha tamthilia hiyo kana kwamba inamsifu Kinjeketile tu.

Kumbukumbu ya taifa nayo imechagua. Maadhimisho makubwa ya Vita vya Maji Maji hufanyika Songea kila Februari, mahali waliponyongwa wakubwa wa Wangoni mwaka 1906, na ni huko Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikokwenda Novemba 2023 kuomba msamaha. Songea inastahili heshima hiyo. Hata hivyo, kwa kuwaweka mbele wakuu walionyongwa, tumeirudisha vita ya watu wote kwenye umbo la hadithi ya stelingi. Waliokufa kwa njaa bondeni hawana majina ya kuchongwa kwenye mnara, na waliobaki, waliotafuta mizizi porini hadi mvua nyingine ikaja, hata hatujazoea kuwaita mashujaa.

Nusu karne baadaye nguvu ya kugawana ilirudi kwa sura nyingine. Bibi Titi Mohamed, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rufiji, aliingiza maelfu ya wanawake katika TANU mwaka 1955 kwa kupitia vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, kutoka mwanamke mmoja hadi mwingine. Taifa lilimfunga, lilipomtia hatiani kwa uhaini baada ya kumkamata Oktoba 1969, likamwachia 1972, na leo barabara kubwa ya jiji ina jina lake.

Delta ya Rufiji yenyewe iliwahi kuwa uwanja wa sinema ya mashujaa, bila wenyeji kuwa wahusika. Meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya delta hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Wilbur Smith akaifanya riwaya, na mwaka 1976 ikawa filamu, Shout at the Devil, Lee Marvin na Roger Moore wakiwa mastelingi. Watu waliojua kila mlango wa mto, nyakati za maji kujaa na kupwa, na mikoko ipi inaficha nini, walikuwa wenyeji hao. Katika hadithi za namna hii wao ni wabeba mizigo nyuma ya picha.

Nikiulizwa ushujaa wa Rufiji wa leo unaishi wapi, nitasema unaishi dunguni. Dungu ni kibanda kilichojengwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga, na familia huhamia humo wakati wa msimu kulinda mazao: mchana ndege, usiku nguruwe pori na viboko. Zamani wengi waliishi bondeni, karibu na mashamba yao. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamishia kwenye vijiji vya nchi ya juu, lakini udongo wenye rutuba ulibaki kule kule mto unakofurika. Mtu akawa na nyumba mahali pamoja na shamba mahali pengine, mbali, na usiku wa kulinda ukawa usiku wa peke yake.

Kati ya 2002 na 2004, katika vijiji vinane hivi vya Rufiji, simba waliua watu wasiopungua 35. Wanakijiji walimpa simba aliyeogopwa kuliko wote jina la Osama. Alipopigwa risasi Aprili 2004, alikutwa bado kijana, na chini ya jino lake la gego kulikuwa na jipu kubwa ambalo lazima lilimtia maumivu kila alipotafuna. Watafiti walioandika katika jarida la Nature mwaka 2005 walihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu 1990, wengi katika mikoa ya kusini na pwani, na wakaonyesha uhusiano na nguruwe pori: nguruwe anafuata mpunga, simba anamfuata nguruwe, na mtu yuko katikati, kwenye nguzo za miti, mlango wa makuti.

Hadithi ya shujaa ingemtaka mwindaji. Ingempa bunduki, ingempa kisasi, simba angekuwa shetani, na kufa kwake kungefunga kitabu. Lakini simba alipouawa hakuna aliyeshinda kitu. Msimu uliofuata nguruwe walirudi na watu wakapanda tena dunguni. Naona hapa ndipo ustahimilivu wa Rufiji unapoachana na ule wa katuni. Spider-Man anapoanguka, kishindo cha hadithi ni kuinuka kwake, mara moja, muziki ukipanda. Mkulima wa bondeni hana tukio la kuinuka. Ana usiku wa leo na usiku wa kesho, bati la kugonga, moto wa kuchochea, mtoto wa kumtuliza asilie, na ushindi wake ni debe ambalo nguruwe hakulila. Nani angechora hilo? Na msomaji wa Dar es Salaam anayekula wali wa Rufiji angelinunua?

Kuna namna nyingine ya ushujaa ambayo Kibiti imeilipia kwa gharama kubwa. Kati ya 2016 na 2017 wilaya hiyo ilipitia mauaji ya kutisha: wenyeviti wa vijiji na watendaji waliuawa majumbani mwao, na tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa katika shambulio moja. Watu waliogopa kushika uongozi wa kijiji, na waliogopa kusema walichokiona. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi, alikuwa miongoni mwa walioandika habari hizo akiwa huko huko. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka, na hajaonekana tena.

Superman, asipovaa joho, ni Clark Kent, mwandishi wa habari. Spider-Man huuza picha gazetini. Waliowabuni walielewa kwamba gazetini ndipo habari za dhuluma zinapofika mapema, ila wakaifanya kazi hiyo kuwa kificho: mwandishi ni mnyonge wa kuigiza, ushujaa wenyewe ni chini ya shati. Kibiti imetuonyesha kinyume chake. Chini ya shati hapakuwa na kitu zaidi ya mtu mwenye familia, na kuandika ndiko kulikuwa tendo lenyewe. Vivyo hivyo kwa mwenyekiti wa kitongoji aliyekubali kupokea mhuri wa mwenzake aliyeuawa. Hao hawakuwa na maji ya Ngarambe. Walijua risasi inapenya.

Linabaki jambo moja ambalo wanaopenda hadithi za ushujaa hatulisemi vya kutosha, nalo ni kwamba sifa ya ustahimilivu inaweza kutumika vibaya. Aprili 2024 mto ulifurika Rufiji na Kibiti, ukafunika nyumba, shule na maelfu ya hekta za mazao. Muhoro, ambako Kinjikitile alinyongwa, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyozama. Watu wa bonde hili wanajua mafuriko. Kilimo chao cha mlau, cha kupanda kwenye tope linaloachwa na maji yanapopungua, kimekuwapo kwa vizazi, na mafuriko ya kiasi ni baraka kwao. Ndiyo maana ni rahisi kuwasifu. Wamezoea, ni wavumilivu, watarudi tu shambani.

Safari hii, lakini, mto una bwawa. Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, na maji yanayoshuka bondeni sasa yanapita kwenye milango inayofunguliwa na kufungwa na watu. Shirika la umeme, Tanesco, lilieleza kwamba bila bwawa mafuriko yangekuwa makubwa zaidi. Baadhi ya wananchi waliyatazama maji yaliyofunguliwa na kulalamika. Hoja zote mbili zinaweza kuchunguzwa kwa takwimu za mto. Kisichoweza kukubalika ni kuweka sifa mahali pa maelezo. Mafuriko yaliyoletwa na mvua peke yake yalimtaka mkulima subira. Mafuriko yenye mlango yanamdai mwenye mlango ratiba: lini utafunguliwa, kwa kiasi gani, maji yatachukua siku ngapi kufika Utete, Muhoro na visiwa vya delta kama Salale na Mbwera, na nani atalipa mpunga ukioza. Mkulima anaamua Desemba wapi apande. Ratiba hiyo inapaswa kuwa imebandikwa kwenye ofisi ya kijiji na kusomwa msikitini kabla hajabeba mbegu kuteremka bondeni.